Maman Kilo na Bustani Zetu za Kwanza

Watu wa mtaa wetu, pale juu ya Nguba, walimwita Maman Kilo, kwa sababu kazi yake kwenye dispensari ilikuwa kupima watoto. Kwetu Bukavu, kumpeleka mtoto kupimwa ni kumpeleka "ku kilo", na kwa miaka mingi kilo ilikuwa yeye: mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuvuka bonde na kidole gumba ambacho mama wote walikiogopa. Jina lake la karatasini lilikuwa limeandikwa kwenye kibao mezani pake, lakini kibao chenyewe kilifunikwa na kadi za watoto, na sikumsikia hata daktari akilitumia.

Nilimjua katika ile miaka ambayo nchi iliitwa Zaïre na sisi wenyewe tukaitana sitoyen, yaani raia. Kabla ya kumjua sikuwa nimeshika jembe. Nililelewa mjini, nikasoma kwa masista, nikaajiriwa kupiga mashine ofisini, nikaolewa na mwanamume wa ofisi. Chakula kwangu kilikuwa kitu kinachotoka sokoni ndani ya kikapu. Nilijua lengalenga, yaani mchicha, zikiwa kwenye fungu, zimekatwa na kuoshwa. Ningezikuta zimesimama shambani, ningezipita kama majani mengine.

Mizani yake ilikuwa ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa, na chini yake suruali ya kitambaa ambamo mtoto alitumbukizwa miguu, akining'inia na kulia. Maman Kilo hakuwabembeleza. Alisubiri mshale utulie, akasoma namba kwa sauti ili foleni yote isikie, akaandika. Kama namba ilikuwa nzuri, alimpiga mtoto kibao chepesi cha matakoni na kusema, "Toka hapa, muzito weye." Kama ilikuwa mbaya, alinyamaza. Tulijifunza kuogopa kunyamaza kwake kuliko kelele zake.

Siku moja alikuja mke wa mkubwa mmoja, ameletwa na gari, akapita mbele ya foleni. Mtoto wake hakuwa ameongezeka hata kidogo tangu mwezi uliopita. Yule mama aliinama mezani akaomba kwa sauti ya chini aongezewe nusu kilo kwenye kadi, maana baba wa mtoto huwa anaikagua.

"Nusu kilo niongeze kwa mutoto," Maman Kilo akamuuliza kwa sauti yake ileile ya bondeni, "ao niongeze kwa karatasi?"

Foleni nzima ilitazama chini. Kisha akamwambia yule mama arudi mwisho wa mstari, na zamu yake ilipofika tena alikaa naye muda mrefu kuliko mtu yeyote, akimweleza namna ya kusaga maharage kwa ajili ya uji. Ndivyo alivyokuwa. Alikuaibisha mbele ya watu, kisha akakushika mkono kana kwamba aibu ile ilikuwa ya mtu mwingine.

Zamu yangu ilikuja na Nsimire, mtoto wangu wa tatu. Nilikuwa nimemwachisha ziwa mapema kwa sababu ya kazi, na tayari nilikuwa na mimba nyingine. Nilimpeleka siku hiyo nikiwa na furaha, kwa sababu alikuwa amenenepa mashavu. Nilimvika gauni jeupe na soksi.

Maman Kilo alivua zile soksi kabla hajamweka kwenye mizani.

"Mutoto iko nakula nini?"

"Anakula muzuri, maman. Bugali, chai, mukate, na mandazi asubui. Angalia mashavu."

"Niko naangalia miguu."

Akabonyeza kidole gumba juu ya unyayo wa Nsimire, akahesabu polepole hadi tatu, akakitoa. Pale kilipokuwa paliachwa shimo. Tulilitazama pamoja, yeye na mimi, likikataa kujaa.

"Hii haiko mafuta," alisema. "Hii ni maji. Ni bwaki."

Bwaki kila mtu wa Kivu aliijua. Ni ugonjwa wa mtoto anayeshibishwa bila kulishwa, tumbo limejaa bugali ya muhogo na mwili haukupata cha kujengea. Nilikuwa nimewaona watoto wa bwaki wakishushwa kutoka milimani, nywele zimegeuka rangi ya kutu, ngozi inabanduka. Sikudhani ugonjwa huo unaweza kuvikwa soksi nyeupe na kutembea ndani ya nyumba yangu.

"Bwaki ni ya kule ku milima, maman," nilisema. "Bwana yangu iko chef de bureau, mukubwa wa ofisi."

"Bwaki haisomaka grade ya kazi."

Nilianza kulia. Yeye aliinama, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ya chini, ambayo sikujua kama anayo. "Usilie hapa. Utalia ku nyumba. Sasa unaenda ku hospitali na hii karatasi, leo, haiko kesho. Na miye nitakuya kwako siku ya posho." Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu.

Nilimuuliza kama atakuja na dawa.

"Nitakuya na jembe."

Nataka kusema hili wazi, kwa sababu baadaye watu walimsingizia kwamba alitibu kwa mboga. Hakutibu kwa mboga. Mtu akimletea mtoto aliyevimba na kumuuliza apande nini, alimfokea hadi afike barabara ya hospitali. "Bustani haiponyeshi leo," alisema. "Leo ni maziwa ya hospitali. Bustani ni ya kufunga mulango, ugonjwa usirudi." Hospitalini Nsimire alipewa maziwa kijiko kwa kijiko, mchana kutwa. Maji yalipoisha mwilini, alibaki mifupa, nikaogopa zaidi kuliko mwanzo. Nilifikiri tumempoteza. Siku ya nane aliona mgonjwa wa kitanda cha pili akila, akanyoosha mkono na kupiga kelele za hasira. Muuguzi aliita wenzake waje wamsikie.

Wakati huo jembe lilikuwa limekwisha kufika nyumbani.

Nyumba yetu ilikuwa ya Leta, yaani ya serikali, iliyoachwa na Mbelgiji, na mbele yake kulikuwa na gazon, uwanja wa nyasi fupi za mapambo. Mume wangu aliipenda gazon ile kama wengine wanavyopenda redio. Aliifyeka mwenyewe kila Jumapili kwa kupekupe, lile panga la kukatia nyasi, akang'oa kila jani lisilo la ukoo. Mtu akipita barabarani na kuona majani yale yamelala sawasawa, alijua hapa anakaa mtu wa ofisi.

Jumamosi ile nilikuwa nimerudi kuchukua nguo safi, shemeji yangu akiwa amebaki na mtoto. Mume wangu alikuwa ametoka kwenye salongo, zile kazi za lazima za asubuhi, ameoga, amekaa barazani. Maman Kilo aliingia na jembe begani, buti za mpira miguuni, bado amevaa blauzi nyeupe ya dispensari.

"Sitoyen, jambo."

"Jambo, maman. Karibu."

"Hii majani munakulaka?"

Mume wangu alicheka kwa adabu. "Hii ni gazon, maman."

"Naona ni gazon. Niko nauliza kama munakulaka."

Alimweleza, kwa upole wa mtu wa ofisi, kwamba nyumba si yake, kwamba watu watasema tumeugeuza mji kuwa kijiji, kwamba labda nyuma ya nyumba, pembeni, pangefaa. Maman Kilo hakubishana. Alienda nyuma akatazama mikaratusi, akarudi.

"Kule nyuma jua inafika saa sita, inaondoka saa nane. Mboga haikulaka kivuli. Simama hapa." Akamsimamisha katikati ya gazon, akamwonyesha kivuli chake mwenyewe kilivyokuwa cheusi na kifupi. "Unaona? Hapa njo kuko jua."

"Maman, batasema nini? Nalima mbele ya nyumba ya Leta?"

"Leta ilikupa nyumba," akasema. "Mutoto haikukupa. Akienda, haitakupa mwingine."

Mume wangu aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Nilimwomba Maman Kilo msamaha. Alinikatiza, akaweka jembe lake chini ya dirisha la jikoni, akasema, kwa sauti iliyopenya hadi chumbani, kwamba tuanze na kipande cha ukubwa wa godoro moja tu na kwamba jembe atalifuata wiki ijayo, akaondoka mikono mitupu.

Kesho yake nilipita tena nyumbani baada ya misa, nikamkuta mume wangu amechuchumaa kwenye pembe ya gazon, karibu na ua, amefunga kamba kwenye vijiti vinne. Hakunitazama. "Alisema godoro moja," alisema. "Hii inatosha godoro moja?"

Godoro moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Maman Kilo kwa kila anayeanza, na hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Wengi walimjia wamewaka moto, wanataka kulima parcelle nzima, kiwanja chote, kabichi, karoti, nyanya, vitunguu, vyote mwezi mmoja. Aliwasikiliza, kisha akauliza, "Unalalaka ku kitanda ngapi?" Moja, wanajibu. "Basi lima moja." Alisema anayeanza na shamba anamaliza na pori. Godoro moja unaweza kulimwagilia kabla ya kwenda kazini. Godoro moja ukiliharibu halikuvunji moyo, na likikubali unalijua kila shina kwa uso wake.

Mbegu alizibeba kwenye bahasha ndogo za vidonge. Aliyotupa sisi ilikuwa ya lengalenga, nyeusi, ndogo kuliko mchanga. Niliipanda mwenyewe, jioni moja ya haraka kati ya hospitali na nyumba, kwa bidii ya mtu asiyejua: nilichimba mashimo ya kina cha kidole, nikatia mbegu, nikafukia, nikakanyaga. Siku zikapita. Udongo ulibaki mtupu kama meza.

Maman Kilo alikuja akachimbua kwa kucha, akacheka hadi akashika kiuno. "Maman, weye ulizika mbegu kama muntu!" Akanifundisha upya. Mbegu kubwa kama ya maharage ina nguvu ya kubeba udongo kichwani. Ndogo kama ya lengalenga inataka shuka nyepesi tu. Tulichanganya mbegu na majivu ya jikoni ili tuione inapoangukia, tukainyunyiza kama mtu anavyotia chumvi kwenye sufuria, tukapitisha kiganja juu yake, basi. Maji kidogo, asubuhi, kwa kopo lililotobolewa kwa msumari.

Siku ya tano pembe ya gazon ilikuwa na ukungu wa kijani. Nimezaa watoto watano na sitasema nilifurahi zaidi, lakini nilipiga magoti kwa namna ileile.

Kisha akaja kuniumiza. Miche ilikuwa imebanana, na yeye akaanza kuing'oa kwa konzi. Nilimshika mkono. Mimi niliyekuwa na mtoto hospitalini sikuweza kuona kitu kidogo kikitolewa mahali pake.

"Acha, maman. Zote ziko nakua."

"Zote ziko nakufa," alisema. "Polepole, pamoja. Ila nyingine tutakula." Akanipa ile aliyoing'oa, akaniambia niipike leo. Ilikuwa mboga yangu ya kwanza, isiyojaza hata kiganja baada ya kuiva. Nsimire aliporudi nyumbani, miguu imekauka, macho makubwa, ile iliyobaki ilikuwa imefika magotini mwangu. Aliila na maharage yaliyosagwa na unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa. Alikula akiwa amekunja uso, kama anayemaliza ugomvi.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Alitukataza kuwapa watoto sukari, na chai yake mwenyewe aliitia vijiko vinne, nimehesabu. Alisifu lengalenga mbele ya foleni hadi ungedhani ni nyama ya sikukuu, lakini kwake, nilipomtembelea bila taarifa, nilimkuta zaidi ya mara moja anakula mkate na sadini za kopo, amegeuzia mlango mgongo. Sadini hizo aliletewa na mwanawe aliyechimba dhahabu Luhwindja. Kijana huyo alishuka mara chache kwa mwaka, ana matope ya milimani kwenye kucha, na hakugusa mboga. "Maman unachimba, na miye nachimba," alimtania mamake. "Tuangalie nani atashiba mbele." Yeye alimjibu kwamba dhahabu haichemki sufuriani. Lakini sadini alizila, na makopo yake aliyapanga dirishani, kila kopo na mche wa nyanya.

Na mkali wa jembe alikuwa mwoga wa kisu. Alinishawishi nifuge simbiliki jikoni, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao wanakula maganda na kulia kama filimbi. Mavi yao yalikuwa dhahabu ya bustani, alisema, na nyama yao ingewatosha watoto. Nyama tulikula. Siku ya kuchinja, hata hivyo, alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa mtaa wa Muhumba.

Alikosea pia, na kosa lake kubwa lilikuwa kwangu.

Msimu wa pili nilikuwa nimeshaonja mafanikio, na nilitaka zaidi. Upande wa kushoto wa nyumba kulikuwa na mteremko mkali, wenye jua zuri, mali ya nyasi tupu. Maman Kilo aliutazama, akatamka kwa uhakika wake uleule kwamba nifyeke yote, nipige matuta kutoka juu kwenda chini, ili mvua ishuke bila kusimama na kuozesha mizizi. Nilifanya hivyo. Nilipanda viazi vitamu na maharage, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Mume wangu mwenyewe aliyasifu.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja mchana wa Ijumaa. Ilichukua nusu saa. Maji yaliingia kwenye mifereji niliyoyachimbia, yakashika kasi, na mteremko wote ukaondoka: maharage, udongo mweusi, mawe. Ulitua kwenye jiko la jirani wa chini, mwanamke aliyetoka Bunyakiri, ambaye mumewe alikuwa mchukuzi wa mizigo. Ukuta wake wa miti na udongo ulilala. Kwa bahati watoto walikuwa shuleni. Chungu chake cha maharage kilikuwa motoni, na tulikipata baadaye kimejaa tope hadi shingoni.

Yule mama alipanda kwetu akiwa na matope magotini. Nilisubiri matusi, na nilistahili. Alitazama mteremko uliochunika, akanitazama mimi, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Nani alikuonyesha kulima vile? Maji uliitengenezea barabara!"

Sikutaka kusema. Lakini habari ilimfikia Maman Kilo kabla ya Jumapili, na alikuja na buti zake. Alishuka moja kwa moja jikoni kwa mama wa Bunyakiri, mimi nyuma yake, akasimama mbele ya ule ukuta ulioanguka.

"Maman," alimwambia, "huyu hana kosa. Miye njo nilimwambia. Miye njo nilikosea. Nimejifunza mboga ku vitabu vya dispensari na ku parcelle ya sawasawa. Mulima siijui."

Mama wa Bunyakiri alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, nikaona ugomvi ukimtoka mabegani. Hakuna mtu wa blauzi nyeupe aliyewahi kumwambia hivyo. "Mulima inalimwa kwa upana," alisema mwishowe. "Unakata njia ya maji, kama mukanda ku tumbo. Unapanda majani marefu pale ku ukingo, inashika udongo."

"Nionyeshe."

Wiki ile tulikuwa watano pale chini. Mume wangu na mchukuzi walisimamisha ukuta. Mume wangu alikanda udongo kwa miguu, suruali imekunjwa, bila kuangalia nani anapita. Nasi wanawake tulikata mifereji ya kuvuka mteremko, mmoja chini ya mwingine, mama wa Bunyakiri akipima kwa jicho na Maman Kilo akichimba pale alipoambiwa. Aliambiwa arudie mfereji mmoja mara mbili. Akarudia.

Jumanne iliyofuata, ku kilo, kabla hajapima mtoto hata mmoja, alimsimamisha yule mama mbele ya foleni. "Huyu njo mwalimu yangu," alisema. "Wale nilibaambia mupande juu-chini, leo murudi ku nyumba mugeuze. Nilibadanganya. Sikujua, lakini nilibadanganya." Kisha akasoma namba ya mtoto wa kwanza kwa sauti ileile ya siku zote. Nimeona watu wengi wakiwa na hakika. Wengi wao hakika yao ilikuwa ya kulinda jina. Yake haikuwa na cha kulinda, kwa hiyo ilisimama tena siku hiyohiyo.

Kuhusu mume wangu, ofisini walimwita Sitoyen Lengalenga. Ilianza kama mzaha wa siku moja na ikadumu zaidi ya mwaka. Ilimchoma, na mara mbili nilimwambia turudishe gazon. Alikataa. Hakuwa mtu wa hotuba. Alikwenda tu akachukua kopo la maji, akaenda pale pembeni, na kila msimu alisogeza vijiti vyake vinne godoro moja zaidi. Miaka ilipokuwa migumu na sufuria za mji zikaanza kusikika tupu, wenzake waliomtania walianza kupita kwetu siku za Jumapili. Hawakuomba radhi. Waliuliza, huku wakitazama pengine, mbegu zinapatikana wapi. Mume wangu aliwapa kwenye bahasha, na kuwaambia wasizizike kama mtu. Aliniangalia alipolisema hilo.

Maman Kilo alistaafu, mizani ikapewa mtu mwingine. Mume wangu naye alistaafu, tukatoka katika nyumba ya Leta, tukajenga Bagira. Watoto walikua. Nsimire, yule wa soksi nyeupe, aliolewa Kisangani na ni mrefu kuliko mimi. Kisha mume wangu akafariki, na wadogo wakaondoka mmoja baada ya mwingine, nami nikabaki na nyumba ya vyumba vitatu na bustani kubwa kuliko nyumba.

Mara ya mwisho kukaa na Maman Kilo ilikuwa kule Nyawera, mjini. Nilisikia sokoni kwamba alipigwa na ugonjwa wa kupooza, na kwamba mwanawe aliacha machimbo, akafungua duka la nguo, na kumweka mamake ghorofani juu yake. Nilijaza kikapu na nikapanda ngazi. Mkwe wake alinifungulia, akanionyesha kiti karibu na dirisha. Chini yake wachukuzi walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia, na yeye alikuwa anawasikiliza kama mtu asikilizavyo redio. Mkono wa kulia ulilala mapajani. Amekonda, lakini sauti ilikuwa imebaki nzima.

"Leta hicho kikapu. Usiniangalie vile, kama niko maiti."

Alikagua kwa mkono wa kushoto. Kabichi aliiminya akasema ilikaa shambani siku nyingi. Poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, alizinusa, akakubali. Nami, kwa furaha ya kukaguliwa, nilianza kumhesabia: nina magodoro mangapi sasa, nina mistari ya karoti, nina migomba kumi na miwili, maharage ya kupanda juu, maracuja, yale matunda ya pasheni, kwenye uzio, mbegu ninazokausha mwenyewe, hakuna wiki ninayokwenda sokoni kununua jani. Nilizungumza muda mrefu. Nilisubiri asifu.

"Na unakula na nani?"

Nilidhani hakunisikia vizuri. "Niko peke yangu, maman. Nachuma, napika kidogo. Ingine inaoza, naitupa mu mbolea."

"Inaoza," alisema.

Mkwe alileta chai. Maman Kilo hakugusa yake.

"Jirani wako wa ku ukuta anaitwa nani?"

Nilijua rangi ya lango lake. Nilijua kwamba walihamia baada ya mazishi ya mume wangu, nilipokuwa sitaki kuona mtu, na kwamba asubuhi kulisikika kikohozi cha mzee na maji yakimwagwa. Jina sikuwa nalo.

"Miye nilikufundisha kulima," alisema taratibu, na macho yake hayakuwa makali hata kidogo. "Kumbe sikumaliza."

Nilitaka kujitetea, kueleza habari za upweke, za watu wa siku hizi. Aliinua mkono ule mzima, kama alivyozuia foleni.

"Kunywa chai, kisha uende. Bado ni mapema."

Nilikunywa. Niliteremka ngazi, nikapita kati ya wachukuzi, nikapata gari la Bagira. Nyumbani sikuvua hata kitambaa cha kichwa. Nilikata kabichi mbili ambazo hazikukaa siku nyingi, nikachuma lengalenga za kutosha watu wanane, nikatoka langoni kwangu, nikatembea hatua ishirini kando ya ukuta ule, nikabisha.

Alifungua mwanamke wa umri wangu, mikono ina unga. Alitazama kikapu, akanitazama mimi, akasubiri.

"Jambo, maman," nilimwambia. "Miye ni jirani yako. Unaitwa nani?"